Tufunge mwamba mwaka mzima ili tupate pweza zaidi?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mchokoaji pweza kusini mwa Pemba. Kamati yetu ya wavuvi ilifunga mwamba mmoja kwa miezi 3, na siku ya kufungua tulitoa pweza wa kilo 2 na wa kilo 3, ukubwa ambao tulikuwa tumeusahau. Sasa wako wanaosema tufunge mwaka mzima tupate mara nne yake. Mtaalamu, hesabu hiyo ni sawa?

Jibu: Wa alaykum salaam, mama. Kwa samaki kama chewa ningeikubali. Kwa pweza mtapata hasara.

Pweza huyu wa mwambani anaishi kama mwaka mmoja, akizidi sana mwaka na nusu. Katika umri huo mfupi hukua haraka mno: akiwa mdogo, uzito wake huweza kuongezeka maradufu ndani ya mwezi mmoja. Yule wa nusu kilo mliyemwacha tunduni siku ya kufunga ndiye huyo wa kilo 2 mliyemtoa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya faida yenu imetokana na kunenepa kwa wale wale mliokuwa nao.

Sasa mkiendelea kusubiri inakuwaje? Dume akishapanda haishi muda mrefu. Jike huingia tunduni, hujiziba kwa mawe, kisha hutaga mayai laki kadhaa, madogo kuliko punje ya mchele, yaliyoning'inia kwenye dari ya tundu kama vishada. Tangu hapo hali kitu. Kazi yake ni kuyapulizia maji na kuyapangusa kwa mikono, kama mwezi mzima hivi, na yanapoanguliwa naye ndiyo anakata roho. Njaa peke yake siyo inayomuua. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Marekani, Jerome Wodinsky, aliwatoa pweza majike tezi iliyo karibu na macho baada ya kutaga; wakayaacha mayai, wakarudi kula, wakaishi zaidi. Mwili wenyewe ndio unaomwamuru afe. (Kila nikimsimulia mtu habari hii hunitazama kama nimetunga.)

Basi pweza mnayemwekea miezi 12 atakuwa ameshakufa tunduni, au ameshaliwa na samaki mkunga. Wala msitegemee watoto wake wawe akiba ya mwamba huo huo: wakianguliwa huelea na mkondo wiki kadhaa kabla ya kutua chini, na wanaweza kutua kwa jirani. Wenzetu wa Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004 kwa kufunga miezi 7. Baadaye ufungaji wa miezi 2 hadi 3 ndio uliozoeleka huko. Nanyi bakini hapo hapo. Kamati ikitaka eneo la kufunga moja kwa moja, itenge kipande kingine kwa ajili ya pono, changu na chewa, ila ijue kwamba hao chewa nao wanakula pweza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni siku yenyewe ya kufungua. Bamvua limeingia, maji yametoka, watu mia wanakimbilia mwamba mmoja, na mwenye nondo anavunja jiwe zima la matumbawe kwa pweza mmoja. Tundu hilo likivunjika, mwezi ujao hapakai pweza mwingine. Tumieni kijiti chembamba, nondo zibaki nyumbani.

Na mkikuta tundu limezibwa kwa mawe kwa ndani, ukalichokoa taratibu pweza akang'ang'ania asitoke, chungulia juu kwenye dari. Ukiona vile vishada vyeupe, mwache. Nyama yake imeshaanza kuwa teketeke, na mchuuzi hatakupa bei nzuri hata ukimtoa.