Maswali na Majibu: Feda ya Kundi Haiponyi Uwiano Mbovu

Swali: Kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), nikishusha feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ya kundi la maikrofoni za kwaya hadi chini kabisa, kwaya bado inasikika kwenye spika. Je, mikisa imeharibika?

Mikisa ni nzima. Chaneli zako, yaani njia za maikrofoni moja moja, zimeelekezwa kwenye kundi na kwenye feda kuu kwa wakati mmoja. Ziondoe kwenye feda kuu. Swali hili linarudi kila mara, nami nawasihi mafundi watazame sauti imeelekezwa wapi kabla ya kuilaumu mashine.

Swali: Wakati wa sala nashusha kundi ili kwaya iimbe chinichini, lakini mwangwi unabaki juu. Kwa nini?

Kwa sababu kundi lako ni la basi, yaani njia ya pamoja: sauti za chaneli hukutana humo, na feda hupunguza jumla yake tu, ilhali sauti inayokwenda kwenye mwangwi imekwisha kuchepuka tangu kwenye chaneli. Ama uurudishe mwangwi ndani ya kundi hilohilo, ama utumie kundi la aina ya DCA, ambayo haibebi sauti yoyote bali hupunguza kila chaneli kwa mbali, pamoja na kile ambacho chaneli hiyo hupeleka kwenye mwangwi baada ya feda. Mikisa ya Behringer X32 inazo DCA nane, na inasikitisha kuona makanisa yaliyoinunua yakiziacha bila kazi.

Jihadhari, hata hivyo, ikiwa chaneli hizo zinapitia pia basi lenye kompresa, kifaa kinachobana sauti inapovuka kiwango kilichowekwa, yaani kizingiti. Ukishusha DCA kwa desibeli 6 huku kompresa ikibana kwa uwiano wa 4:1, na sauti ikabaki juu ya kizingiti, kwenye spika itapungua kwa desibeli 1.5 tu.

Swali: DCA itawanyima waimbaji sauti kwenye monita (spika zao za kujisikilizia)?

Ikiwa monita inachukua sauti baada ya feda, ndiyo. Ichukue kabla ya feda.

Swali: Waimbaji wa sauti ya kwanza wanamezwa na wa besi. Nipandishe kundi?

Hapana, kwa kuwa utaipandisha na sauti ya besi. Acha feda ya kundi kwenye alama ya sifuri (0 dB, si chini kabisa), weka gaini (ukuzaji wa sauti inapoingia) ya kila maikrofoni vizuri, kisha tafuta uwiano kwenye chaneli zenyewe. Anayeziacha chaneli chini na kulisukuma kundi hadi juu kabisa hujinyima nafasi ya kuongeza, tena kwenye sehemu ya chini ya feda kusogeza kidole kidogo tu hubadilisha desibeli nyingi, wakati karibu na sifuri mwendo uleule hubadilisha chache.