Mita za Kupanda: Namna ya Kuisoma Saa Yako Mlimani

Watu wawili wanaozunguka ukingo wa volkeno ya Longonot, nchini Kenya, pamoja, kwa mwendo mmoja na njia moja, huweza kurudi langoni saa zao za mkononi zikipishana kwa zaidi ya mita mia moja katika jumla ya mita za kupanda, na kila mmoja akaamini kwamba ya mwenzake ndiyo mbovu. Nimelishuhudia jambo hili mara nyingi miongoni mwa wapandaji ninaofuatana nao, na ushauri ninaowapa ndio ninaotaka kuueleza hapa. Namba hiyo hutokana na hesabu inayofanywa ndani ya kifaa, na mtu akishajua hesabu hiyo inategemea nini, ataweza kuitumia kupanga safari na mazoezi yake bila kuibishia wala kuiamini kupita kiasi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Mwinuko ni urefu wa mahali ulipo kutoka usawa wa bahari; mita za kupanda ni jumla ya kila kipande cha njia ulichokwea, bila kutoa ulikoteremka. Lango la Longonot liko takriban mita 2,150 na sehemu ya juu kabisa, Kilele Ngamia, iko mita 2,776, kwa hiyo tofauti yake ni mita mia sita na kitu. Lakini ukingo wenyewe una mzunguko wa kilomita saba hivi, nao hupanda na kushuka karibu mwendo wote, hivyo miguu hufanya kazi kubwa kuliko tofauti hiyo inavyoonyesha. Hapo ndipo ugumu wa hesabu unapoanzia, kwa sababu ni lazima kifaa kiamue ni mnyanyuko wa mita ngapi unaostahili kuhesabiwa. Strava, programu ya kurekodi mazoezi, kwa mfano, imeeleza kwamba hutaka mnyanyuko uzidi mita 2 iwapo data inatoka kwenye kifaa chenye barometa, yaani kipima mgandamizo wa hewa, na mita 10 iwapo hakina. Njia yenye vituta vingi vidogo itatoa jumla mbili tofauti kabisa kwa vipimo hivyo viwili, na hakuna kati yake iliyo ya uongo.

Saa zetu hupata mwinuko kwa njia tatu. Njia ya GPS ndiyo dhaifu kuliko zote kwa kazi hii, kwa kuwa setilaiti zote ziko juu yetu na hakuna hata moja chini ya miguu yetu, kwa hiyo kosa la wima huwa kubwa kuliko kosa la ulalo. Njia ya pili ni kuchukua mahali ulipo kisha kusoma mwinuko wake katika ramani ya kidijiti. Nyingi ya ramani hizo zina asili yake katika vipimo vya rada vilivyofanywa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, vyenye miraba ya mita 30 hivi. Katika miteremko mipana ramani hizo ni nzuri sana, lakini ukingo wa Longonot ni mwembamba, na GPS ikikosea mita kumi na tano tu kuelekea ndani, ramani itakuhesabu kuwa umetumbukia kwenye ukuta wa kreta, na mara inayofuata kuwa umeupanda tena. Kwa hiyo sishauri mtu abonyeze kitufe cha kusahihisha mwinuko kwa ramani baada ya kutembea mahali kama hapo, ikiwa saa yake ina barometa.

Njia ya tatu, barometa, ndiyo ninayoipendekeza, nayo ndiyo inayohitaji kueleweka zaidi na sisi tunaoishi karibu na ikweta. Saa hupima mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda: karibu na bahari hektopaskali moja, kizio cha mgandamizo huo, ni sawa na mita 8 hivi, na kwenye mwinuko wa Longonot ni takriban mita 11. Kipimo hiki kinaweza kutambua hata ngazi chache. Hata hivyo mgandamizo hubadilika pia ukiwa umekaa kitako. Katika nchi za tropiki hewa ina mawimbi yake ya kila siku, ambapo mgandamizo hufika juu mnamo saa nne asubuhi na kushuka hadi chini mnamo saa kumi alasiri, na tofauti hiyo huweza kufika hektopaskali 3. Iache saa juu ya meza mjini Nairobi au Arusha kwa muda huo, na isipojirekebisha yenyewe, itaonyesha kwamba meza imepanda karibu mita thelathini. Mpandaji anayeanza asubuhi na kumaliza alasiri hubeba kosa hilo njia nzima.

Kuna na suala la joto, ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha katika lugha yetu. Hesabu ya kugeuza mgandamizo kuwa mita hutumia hewa ya kawaida ya kimataifa, yenye nyuzi 15 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari na inayopoa kwa nyuzi 6.5 kila kilomita moja. Kwa kipimo hicho, kwenye mita 2,400 tungetarajia baridi ya karibu na kuganda, ilhali mchana wa Longonot mtu hutembea kwa fulana. Hewa yenye joto hutanuka, na kwa kila nyuzi 10 za ziada saa hupunguza mita zako kwa takriban asilimia nne. Kwenye Longonot hasara ni mita arobaini hivi. Kwenye Kilimanjaro, ambako unapanda takriban mita 4,000 kutoka Lango la Marangu hadi kilele cha Uhuru, hasara inaweza kukaribia mita 200, na ndiyo maana mtu husimama chini ya kibao cha mita 5,895 huku saa yake ikisema yuko chini sana ya hapo.

Tiba yake ni rahisi: ingiza kwa mkono mwinuko unaojulikana kabla ya kuanza, kisha urudie kila unapofika mahali penye kibao cha kuaminika. Njia ya Marangu ni rafiki katika hili, maana vituo vyake vya kulala vina mwinuko rahisi kukumbuka: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720, namba ambazo mtu hazisahau. Fanya hivyo umesimama na kabla ya kuanzisha rekodi ya siku, kwa sababu ukibadilisha katikati ya rekodi, baadhi ya saa zitaichukulia tofauti hiyo kama mlima ulioupanda kwa kuruka.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Tundu dogo la barometa huziba kwa jasho, vumbi na mafuta ya kujikinga na jua. Lisuuze kwa maji safi ya uvuguvugu na usilichokonoe kwa pini. Penye upepo mkali weka saa ndani ya mkono wa koti, kwani upepo wa kilomita 50 kwa saa unaweza kuusukuma mgandamizo kwa karibu hektopaskali moja.

Ukishachagua chanzo kimoja, baki nacho. Jumla za mita zinazotoka kwenye kifaa kilekile, kwenye njia ileile, hulinganishika vizuri mwezi hadi mwezi, hata kama zote zimepungua kidogo, na huko ndiko kwenye faida ya mazoezi. Zinafaa pia kupangia muda. Mskochi William Naismith aliandika mwaka 1892 kanuni ya kuongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani mita 600 hivi, juu ya muda wa kutembea tambarare, nayo bado inafaa kwa mtu mwenye afya asiyekimbia. Kwa maeneo ya juu sana mimi huongeza zaidi.

Na hapo juu sana naomba msomaji aelekeze macho kwenye mwinuko wa pale anapolala kuliko kwenye mita za kupanda. Ushauri wa kitabibu unaotumika sana wa kuepuka ugonjwa wa mwinuko ni kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na vituo vya Marangu hupishana kwa mita 1,000. Kwa sababu hiyo siku ya ziada Horombo, ya kupanda hadi miamba ya Zebra Rocks na kurudi kulala chini, ina thamani kubwa kuliko rekodi yoyote. Na maumivu ya kichwa yakianza, mwambie kiongozi wako mara moja, hata kama saa inaonyesha kwamba kila kitu kiko sawa.