Kibodi ya Kiingereza, barua za Kifaransa, na kompyuta ya kumsomea Papa

Jambo Mwalimu,

Umeuliza mambo mawili. Laptopu uliyonunua imepitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kibodi yake ni ya Kiingereza, na é, è wala ç huzioni popote. Tena Papa, yaani baba yako, macho yamedhoofika, anataka kompyuta imsomee barua zake, nyingine za Kifaransa, nyingine za Kiswahili. Waliotangulia wamekujibu la kwanza wakaacha la pili. Mimi ninachapa barua na kazi za wanafunzi hapa Lubumbashi, upande wa Kamalondo, na wazee wengi wanaokuja kwangu husikiliza barua kwanza kabla ya kuitia sahihi. Kwangu hayo mawili hayatengani: ukiandika Kifaransa bila alama zake, Papa atasikia barua nyingine kabisa.

Chukua mwanzo wa barua zetu za ofisini, ule kila mtu anaujua: "Je soussigné, né à Likasi, marié, retraité", yaani mimi niliyetia sahihi hapa, mzaliwa wa Likasi, nimeoa, mstaafu. Ondoa alama zote, halafu iambie kompyuta isome. "Marie" inatoka kama jina la mwanamke. "Retraite" inakuwa pensheni, si mtu aliyestaafu. Mwenye macho akikutana na makosa hayo huyarekebisha kichwani hata bila kujua, lakini anayesikiliza hana nafasi hiyo, kwa sababu kompyuta hutamka herufi zilizopo, basi. Kuna mzee mmoja, mstaafu wa mgodi, aliniletea barua iliyochapwa mahali pengine, tukaisikiliza pamoja. Sauti ilipofika "j'ai paye", badala ya "j'ai payé" (nimelipa), akainua mkono: "Simamisha. Mimi nilikwisha kulipa!" Mstari uliofuata ulikuwa na "recu", ile c haina mkia wake, sauti ikasema "reku", na wala yeye wala mtoto wake hawakutambua kuwa inatajwa risiti. Barua yote ilikuwa ya kudai risiti hiyo.

Sasa kibodi. Umeshaambiwa utumie namba: unashikilia Alt, unaandika 130 upate é, 138 upate è, 133 à, 135 ç, 136 ê, na 0201 kwa É kubwa. Ni kweli, kwenye Windows zinafanya kazi, na zinafaa ukiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine ambayo huna ruhusa ya kuibadilisha. Ila lazima ubonyeze zile namba za pembeni, upande wa kulia, na laptopu nyingi ndogo hazinazo. Hata ukiwa nazo, kuchapa TFC (kazi ya mwisho ya chuo) nzima kwa njia hiyo ni kujitesa.

Njia ya pili ni kibodi ya Marekani ya kimataifa. Hapo alama ya ' inasubiri: ukiibonyeza kisha e unapata é, ukiibonyeza kisha c unapata ç, na ` kisha a inatoa à. Nzuri, lakini sisi tunaoandika Kiswahili tunagongana nayo mapema sana. Ukiandika ng'ombe inatoka "ngómbe". Kwa Kifaransa, "l'eau" inatoka "léau". Dawa ni kubonyeza kitufe cha nafasi baada ya ' kabla ya irabu, na ukichapa kwa haraka vidole vinasahau.

Ninayokushauri mimi ni kibodi ya Kifaransa cha Kanada. Herufi zote zinabaki pale zilipoandikwa kwenye laptopu yako, Q ni Q na A ni A, tofauti na AZERTY, kibodi ya Ufaransa, inayohamisha A, Q, Z, W na M. Herufi é iko kwenye kitufe cha / karibu na Shift ya kulia, mguso mmoja tu. Ukishika Shift inatoka É kubwa, ambayo AZERTY ya kawaida kwenye Windows haina kitufe chake. Kitufe cha ' kinakuwa cha alama ya `, ukibonyeza kisha a au e. Kitufe cha [ ni cha ^, na cha ] ni cha mkia wa ç. Apostrofi iko kwenye Shift pamoja na koma, haimsubiri mtu, kwa hiyo ng'ombe unaandika kama ulivyozoea. Alama nyingine chache nazo zimehama. Bandika vipande vidogo vya karatasi kwenye vitufe hivyo mpaka mkono uzoee. Kuiweka: fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya saa na lugha, ongeza Kifaransa cha Kanada, halafu hakikisha kibodi iliyochaguliwa ni ile inayoitwa "Canadian French". Kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi kinakurudisha kwenye kibodi ya zamani wakati wowote.

Kwa Papa, weka NVDA. Ni programu ya bure kabisa inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Kazi yake ilianza mwaka 2006 huko Australia, na aliyeianzisha, Michael Curran, ni kipofu. Ndiyo maana kila kitu ndani yake kinafanyika kwa vitufe, bila kutafuta mshale wa panya. Inakuja na sauti ya eSpeak NG inayosoma Kifaransa na Kiswahili bila intaneti. Megabaiti zikiisha, umeme ukikatika, ukiwa na betri unaendelea. Sauti yenyewe ni kavu, sikufichi, na siku za kwanza mzee anaweza kuikataa. Punguza mwendo wake, umwachie asikilize kitu anachokijua tayari, kwa mfano barua aliyoitunga mwenyewe.

Kama intaneti ipo, fungua maandishi kwenye Edge, kivinjari cha Windows, na ubonyeze Ctrl, Shift na U. Huko kuna sauti za Kiswahili zinazokaribia sana sauti ya mtu: Zuri na Rafiki wa Kenya, Rehema na Daudi wa Tanzania. Hakuna ya kwetu Kongo, nami hilo linaniuma, kwa sababu barua zetu huchanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, na sauti hizo zikikuta neno la Kifaransa katikati hulitamka vibaya.

Kosa baya zaidi ni lugha kutolingana na sauti. Sauti ya Kifaransa ikisoma Kiswahili, "pole" inakuwa "pol" na "chakula" inakuwa "shakula". Kwenye Word, chagua fungu la maneno, nenda mahali pa kukagua maandishi, uweke lugha yake sawasawa, Kifaransa kwa Kifaransa, Kiswahili kwa Kiswahili. Halafu Ctrl, Alt na kitufe cha nafasi, Word yenyewe inasoma.

Wewe pia ukimaliza kuchapa, sikiliza kabla ya kutoa karatasi kwenye printa. Sikio hukamata alama iliyopotea haraka kuliko jicho lililochoka. Ila a na à hutamkwa sawa, hata ou na où; hizo zikague kwa macho.

Unapowasha NVDA mara ya kwanza, chagua mpangilio wa laptopu na ukubali Caps Lock iwe kitufe chake. Papa akibonyeza Caps Lock na A, inasoma yote kuanzia pale alipo. Ctrl peke yake inainyamazisha. Akitaka kuchapa mwenyewe, Caps Lock na 2 inawasha au kuzima kutamkwa kwa kila herufi anayoigusa. Niandikie Windows yako ni ya ngapi, nikueleze menyu zake moja moja.