Kompresa ya bunduki ya upepo imegoma kwenye baa 180: usifungue kichwa kwanza

Mkuu, maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Kompresa ya volti 12, ina miezi minane. Ilikuwa inapandisha chupa ya hewa ya bunduki, ya nusu lita, kutoka baa (kipimo cha presha) 150 hadi 250 kwa dakika kama nane, sasa ikifika 180 inaganda hapo hapo. Inachemka kuliko zamani, fyuzi imeungua mara mbili, na ulipoachia hewa ya bunduki ukaona ukungu na matone ya maji. Unauliza ununue ringi za pistoni (zile pete za kuzuia hewa isipite pembeni ya pistoni) za aina gani. Jibu langu: usinunue chochote bado, na spana zirudishe kwenye boksi.

Nasema hivi kwa sababu yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Dalili zilikuwa hizi hizi, nikajiaminisha kwamba ringi za hatua ya pili, yaani za pistoni ndogo, zimekwisha. Nikafungua kichwa, nikaivuta pistoni ndogo kwa koleo, nikaiachia mkwaruzo mwembamba kama unywele. Ringi zilikuwa nzima kabisa. Nilipoirudishia haikufika hata 120. Ubovu wa kweli niliuona wiki moja baadaye: oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya skrubu ya kutolea upepo ilikuwa imechanika upande mmoja. Kitu kidogo kuliko kitufe cha shati, na mimi nimeshaharibu silinda.

Ukijua kinachofanyika mle ndani utaelewa kwa nini mashine hizi hazisamehi. Kutoka hewa ya kawaida hadi baa 300 ni kuigandamiza mara 300. Hatua mbili, pistoni kubwa kisha ndogo, zikigawana kazi sawasawa, kila moja inazidisha mara 17 hivi, maana 17 mara 17 ni 289. Pistoni kubwa ikilegea kidogo tu, ile ndogo inapokea hewa pungufu na kutakiwa kuimalizia safari yote. Tena juu ya pistoni ndogo pana kanafasi kasikokwisha hata ikifika juu kabisa. Hewa inayobaki humo hutanuka pistoni inaporudi chini, na kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyoinyima nafasi hewa mpya. Ndiyo maana hata mashine mpya inakimbia mwanzoni na kujikokota mwishoni. Kwa hiyo uvujaji ambao chini ya baa 100 hauonekani kabisa, kwenye 180 unalingana na kile ambacho pistoni inaweza kuleta, na sindano ya geji inasimama. Mashine inafanya kazi, ila inachojaza ndicho kinachotoka.

Anza na umeme, kwa sababu fyuzi yako imeshasema. Mota ya wati 250 hadi 300 kwenye volti 12 inavuta ampea 20 hadi 25. Ukiwa na kizuizi cha omu 0.1 tu njiani, yaani klipu yenye kutu au waya mwembamba uliourefusha, kwenye ampea 25 unapoteza volti 2.5. Betri ina 12.5, mota inapata 10. Inazunguka polepole, feni nayo inapungua nguvu, mota ikilemewa inavuta umeme zaidi, joto linapanda, fyuzi inakatika. Halafu mtu anasema pistoni imekwisha!

Pima volti kwenye mashine yenyewe, pale waya zinapoingia, siyo kwenye betri. Na upime ikiwa inasukuma juu ya baa 150, maana ikizunguka bure kila kitu kinaonekana kizuri. Kwenye gari washa injini. Ukiona chini ya 11, tatizo ni waya au chanzo cha umeme. Ujanja mwingine usiohitaji kifaa: zima baada ya dakika tano, kisha gusa klipu na maungio ya waya moja moja, taratibu. Lenye moto ndilo linalokula volti zako. Yangu ya pili ilipona kwa kusugua klipu na msasa na kufupisha waya, basi. Kama unatumia adapta ya umeme wa nyumbani, soma ampea zilizoandikwa. Adapta ya ampea 15 haiwezi kubeba mzigo huu hata ukiibembeleza.

Fyuzi kubwa zaidi usiweke. Wapo watakaokushauri hivyo, na kweli fyuzi haitaungua tena. Kitakachoungua ni mota.

Sababu nyingine ya fyuzi ni kuiwasha ikiwa bado na presha kichwani. Mota inanguruma, haizunguki, ampea zinaruka. Kila ukizima, fungua skrubu ya kutolea upepo mpaka geji isome sifuri. Ndipo uwashe ikiwa bado wazi, iache izunguke sekunde chache, halafu funga.

Umeme ukiwa sawa, fanya kipimo ambacho laiti ningekijua mapema. Toa bunduki, ziba mwisho wa hosi kwa kizibo cha chuma kilichotengenezwa kwa presha hiyo (siyo boliti uliyookota), kisha washa. Hosi tupu ina nafasi ndogo sana, kwa hiyo presha itapanda kwa sekunde, siyo dakika. Weka kikomo cha kujizima kwenye 200, na mkono usiondoke kwenye swichi, kwa sababu kwa nafasi ndogo hivyo geji inaweza kupita kikomo kabla hujapepesa. Ukifika 200 zima, usitoe upepo, tazama sindano.

Ikishuka kidogo halafu ikatulia, ni hewa inapoa tu, hakuna ubaya. Ikiendelea kushuka, kuna mahali panavuja kati ya kichwa na kizibo. Paka maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila ungio, skrubu ya kutolea upepo, kichujio na shingo ya geji. Ukiona mapovu, usikaze. Narudia, usikaze kitu chenye presha. Toa upepo wote, fungua, tazama oringi. Kama mapovu hakuna na bado inashuka, shuku vali inayozuia hewa kurudi: hewa inarudi kwenye kichwa. Mara nyingi ni uchafu umekaa kwenye kiti cha vali, hasa unga wa chembe za kukaushia hewa zilizosagika ndani ya kichujio.

Ikipanda haraka na kutulia vizuri, kompresa yako ni nzima na mvujaji ni bunduki, au vali yake ya kujazia. Ikikataa kupanda wakati haivuji popote, na volti ni nzuri, hapo sasa tuzungumze ringi na vali za ndani.

Joto. Dalili yako ya kuchemka inaweza kuwa matokeo ya hayo ya juu, lakini angalia pia kama feni inazunguka kwa nguvu na mapezi ya kichwa hayajajaa vumbi. Utaratibu wangu ni dakika kumi za kazi, ishirini za kupumzika. Kama kitabu chake kinasema muda mfupi zaidi, fuata kitabu. Ile aina kubwa inayopozwa kwa maji, kabla ya kuwasha hakikisha maji yanarudi kwenye ndoo kwa macho yako. Pampu yake ndogo ikikwama kimya kimya, kichwa kinaungua ukiwa unasubiri.

Na usichanganye kupoa na kuvuja. Hewa iliyofungiwa kwenye chupa ikiwa na nyuzi 50 kwa baa 250, ikipoa hadi 25 geji itasoma kama 230. Hakuna kilichotoka. Nimeona watu wakibadilisha oringi zote za bunduki kwa sababu hiyo.

Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo yenye wasiwasi kuliko hizo baa 180. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu ina gramu 30 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kwa unyevu wa asilimia 80 ni kama gramu 24. Kupandisha chupa ya nusu lita kutoka 150 hadi 250 ni kumeza lita 50 za hewa ya nje, yaani gramu moja na ushee ya maji kila unapojaza. Hewa iliyobanwa kiasi hicho haiwezi kuyabeba yakiwa mvuke, kwa hiyo ikipoa karibu yote yanageuka matone. Kipande cha pamba kilicho ndani ya kichujio kidogo kinajaa upesi, na kikishalowa hakizuii kitu. Zidisha kwa miezi minane.

Mimi naweka bomba la kichujio refu, limesimama wima, chini yake pana sehemu ya matone kujikusanya, juu chembe za silika zinazobadilika rangi. Hewa iingie chini itokee juu. Zile za rangi ya chungwa zikigeuka kijani, zitoe uzikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 mpaka rangi irudi. Za bluu ziepuke kama unaweza, rangi yake ni ya kobalti na ni sumu. Pamba badilisha kila ikilowa au ikipata rangi ya kahawia. 

Bunduki iliyokwisha kupata matone usiendelee kuijaza. Itoe hewa yote kwa njia iliyoelekezwa, kisha mtu anayejua aifungue chupa, aikaushe na kutazama kutu. Chupa isifunguliwe ikiwa na hewa hata kidogo.

Mafuta. Hapa sitanii. Injini ya dizeli inagandamiza hewa mara 15 hadi 20 tu na mafuta yanawaka bila cheche. Kompresa yako nayo inagandamiza hewa mpaka inakuwa ya moto sana, tena kwa presha kubwa. Ukipulizia mafuta ya kulegezea kutu au grisi ya magari kwenye njia ya hewa, umeitengenezea dizeli isiyo na breki. Oringi zinapakwa grisi ya silikoni, utando mwembamba tu. Mashine yenye sampu (bakuli la chini la kuhifadhia mafuta) inapewa mafuta ya kompresa, siyo ya injini. Ile isiyotumia mafuta usiionee huruma ukaidondoshea, labda kitabu chake kiseme hivyo. Na bunduki haijazwi oksijeni, hata kama mtungi wake upo karibu na mashine imekufa.

Ikibidi kweli kufungua kichwa, piga picha kila hatua, na panga vipande kwa mfuatano kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi. Vali ndogo zina upande wa juu na wa chini, na spiringi zake hufanana bila kulingana. Tazama viti vya vali kwa kioo cha kukuzia: masizi ya kahawia au mstari mmoja wa uchafu unatosha kuvujisha. Oringi za upande wa presha kubwa ziwe za ugumu wa 90 kwenye kipimo cha ugumu wa mpira, kwa sababu za 70 zinasukumwa kuingia kwenye mwanya na kunyofoka. Karibu na joto weka vitoni, mpira unaostahimili joto, kwa kuwa mpira wa kawaida unakauka na kupasuka. Boliti kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Pistoni itoke kwa kuzungusha mota kwa mkono. Koleo, hapana.

Kile kisahani chembamba cha usalama, kinachopasuka presha ikizidi, kikipasuka kwa kishindo, weka kingine cha presha ile ile. Usipange viwili pamoja. Hosi yenye uvimbe au iliyokunjika shingoni tupa. Tundu dogo usilitafute kwa kidole, hewa ya presha hiyo inapenya ngozi na kuingia mwilini.

Mwisho, nunua kijidaftari. Andika kila mara dakika kutoka 150 hadi 200, na kutoka 200 hadi 250. Yangu ya sasa ilianza kuongeza sekunde arobaini kwenye kipande cha pili miezi miwili kabla ya ringi kuisha, na nilikuwa nazo mezani siku ilipogoma.

Kwa hiyo nipe namba tatu: volti kwenye mashine ikiwa na mzigo, sekunde za kufika 200 ukiwa umeziba hosi, na sindano imeshuka kiasi gani baada ya dakika kumi. Nikiziona nitakuambia kama ni ringi. Kwa sasa naweka shaka kwenye klipu zako na ile oringi ya skrubu ya kutolea upepo.