Barua kwa mwanangu kuhusu picha ya bibi yako

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili barazani kabla ya kumpa mama yako naye aisome. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza unataka kujua kwa nini, kati ya picha mbili alizopigwa bibi yako siku ile moja, mimi nimeitunza miaka yote hii ile iliyotikisika, ilhali ile nzuri nilimwachia mjomba wangu bila hata kuigombea. Pili umenieleza kwamba rafiki yako huko Dar es Salaam ana programu ya akili unde inayoweza kuufuta ule ukungu wa mkono na kumrudishia bibi mdomo wake, ili upate sura kamili ya kuchora kwa ajili ya maonyesho yako, nawe unaomba ruhusa yangu. Nitakujibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu jibu la pili limo ndani ya la kwanza.

Picha zile zilipigwa mwaka 1968, kijijini kwetu juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, katika msimu wa korosho, kwani huo ndio wakati ambao wapiga picha wa kuzunguka walipanda huko wakijua kwamba watu wana chochote mkononi. Yule aliyetufikia alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa udongo, akaweka kigoda mbele yake, na kila aliyelipa akapigwa mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali na hakuna aliyekubali kuipoteza kwa majaribio. Nawe uliwahi kunisimulia kwamba hata Seydou Keïta, yule mpiga picha mkubwa wa Bamako aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kutumia shuka la kitanda chake kuwa pazia la nyuma, alikuwa na desturi hiyohiyo ya kumpiga mteja mara moja. Niliposikia habari ile nilifurahi sana, kwa sababu nililiona tena lile shuka letu, na sikulihesabu tena kuwa umaskini.

Bibi yako alikuwa ameivua ndonya yake, kile kipambo cha mti cha kwenye tundu la mdomo wa juu, miaka michache kabla ya siku hiyo, baada ya kuanza kushuka Mtwara kuuza mbaazi na kukuta watu wakimkodolea macho sokoni. Wewe hukumwona, kwa hiyo nikueleze. Ndonya ikishakaa mdomoni tangu usichana, tundu lake halizibi kwa kuiondoa. Mdomo wa juu hubaki umelegea, nao huning'inia kidogo mtu anapozungumza. Nyumbani hakujali. Lakini siku ile walikuwapo watoto wa mjomba waliotoka Lindi, wamevaa viatu, na mimi nilikuwa na miaka minane. Mama alipoketi kwenye kigoda na kuinua uso, niliwaona wale binamu zangu wakimtazama mdomo, nikaona aibu, nikapaza sauti kwa Kimakonde nikamwambia aufunike. Mkono wake ulipanda wakati uleule kamera ilipofunguka.

Ndiyo picha unayoijua. Macho yametulia na yanaonekana vizuri, chale za kwenye paji la uso na mashavu zinahesabika, halafu kuanzia puani kwenda chini kuna kitu cheupe kilichopita kama moshi, ambacho asiyeambiwa hatatambua kwamba ni kiganja cha mtu. Mjomba akalipia nyingine palepale. Katika hiyo ya pili mama ameikaza midomo, amejifunga kanga hadi kidevuni na hatikisiki. Mjomba alikuwa na haki ya kuichukua, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa na yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na ile iliyoharibika nikapewa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Usidhani nimeitunza kama adhabu. Kwa miaka mingi nilidhani hivyo mwenyewe, na mama yako atakuambia jinsi nilivyokuwa nikiificha wageni wanapokuja. Nilipoanza kujifunza kuchonga mwaka 1979 ndipo nilipogundua kazi ambayo picha ile ilikuwa ikinifanyia. Ile nzuri nilikwenda kuitazama Lindi mara kadhaa, na kila mara niliitazama kwa dakika moja nikawa nimemaliza. Ilinionyesha mama alivyokuwa, nikaridhika, nikairudisha. Ile ya kwangu kila nikiitazama huniuliza kilichoko nyuma ya kiganja. Nikishika tezo kukiondoa kile cheupe cha nje cha mpingo na kukutana na kiini cheusi, swali lile linakuwa limeshanitangulia. Mchongaji hawezi kuishi na upande mmoja wa kitu, kwa sababu kinyago huzungukwa na mtu, hutazamwa kisogoni na ubavuni, na picha haikupi kisogo wala ubavu. Kwa hiyo picha inayompa mchongaji kila kitu cha mbele humdanganya kwamba kazi imekwisha, na ile inayomnyima humlazimisha akumbuke, aulize wazee, apapase uso wake mwenyewe gizani ajue mfupa wa shavu unageukia wapi.

Nimechonga wanawake wengi wenye ndonya, mwanangu, na wanunuzi wamezisifu kazi hizo. Lakini zile ninazoziona kuwa zangu ni chache, nazo zote zina mkono uliofika mdomoni. Wakati mmoja mnunuzi pale kwenye soko la vinyago la Mwenge aliniuliza kwa nini mwanamke huyu analia. Sikumjibu, kwa kuwa sikujua kama halii.

Hao wasanii ulioniandikia habari zao wamenisaidia kuelewa zaidi kuliko unavyofikiri. Huyo mchoraji wa London, Francis Bacon, aliyependa kuwachora hata rafiki zake walio hai kutoka kwenye picha badala ya kuwaketisha mbele yake, namwelewa kabisa. Uliniambia kwamba baada ya kifo chake mwaka 1992 chumba chake cha kazi kilihamishiwa Dublin chote kizima, vitu zaidi ya 7,000 pamoja na vumbi lake, na kwamba miongoni mwake zilikuwamo picha zilizokunjwa, kuchanwa na kurukiwa rangi. Watu wa makumbusho huona picha zilizoharibika. Mimi naona picha zilizofanya kazi, kama msasa uliokwisha makali.

Na ule mchoro wa Gerhard Richter ulionionyesha kwenye simu ulipokuja Idd, sijausahau. Picha ya familia ya mwaka 1932, yeye akiwa mtoto mchanga na shangazi yake, msichana wa miaka 14, yuko nyuma yake. Kisha mwaka 1965 anaichora ile picha kwa rangi za kijivu na kuipitishia brashi ingali mbichi hadi nyuso zote mbili zinaonekana kama ziko nyuma ya maji. Uliponiambia kwamba shangazi yule aliugua akili na akafa mwaka 1945 mikononi mwa mpango wa utawala wa Hitler wa kuwaua wagonjwa wa namna hiyo, nilinyamaza, nawe ukadhani nimechoka. Nilikuwa nikiwaza kwamba mtu yule alikuwa na picha safi, na kwa makusudi akaiondolea usafi wake, kwa sababu usafi ule ulikuwa hausemi kilichotokea baadaye. Mimi nililetewa ukungu bila kuuomba.

Kuhusu Roland Barthes, yule mwandishi Mfaransa, nadhani ndiye aliyekaribia jambo langu kuliko wote. Mama yake amefariki mwaka 1977, naye anapitia picha moja baada ya nyingine akimtafuta na hampati, mpaka anamkuta katika picha ya mwaka 1898, mama akiwa mtoto wa miaka mitano, umri ambao mwana hakuwahi kumwona nao. Kisha anaandika kitabu, kinatoka mwaka 1980, anaizungumzia picha hiyo kurasa kwa kurasa, na haichapi, kwa kuwa machoni pa wasomaji ingekuwa picha ya kawaida tu ya mtoto. Hapo pana heshima ambayo naitaka. Si kila picha inayomlisha msanii inafaa kuwekwa mbele ya umma, na hilo ulifikirie kabla ya kuandaa ukuta wa maonyesho yako.

Sasa jibu la pili. Ruhusa ya kuusafisha uso wa bibi yako siitoi, na sababu si ukaidi wa mzee. Programu ile haimjui. Itakisia mdomo wake kutokana na midomo mingi iliyolishwa, ambayo karibu yote haikuwahi kutobolewa, na itampa mdomo mzima, usio na tundu, mdomo ambao watu wa sokoni walitaka awe nao. Kazi waliyoianza wao kwa kumkodolea macho, na niliyoiendeleza mimi kwa kupiga kelele nikiwa na miaka minane, mashine itaikamilisha kwa sekunde chache. Na ikitokea ikampa ndonya, basi itakuwa imeichukua kwa wengine, pengine kwa wale wanawake wa uwanda wetu waliosimamishwa mbele ya kamera ya Mjerumani Karl Weule alipopita Newala mwaka 1906. Hao nao walikuwa mama za watu, na sura zao hazipaswi kukatwa vipande ili kuziba pengo la mwingine.

Unaloweza kufanya ni hili. Mchore na mkono wake. Wewe una rangi, ambazo mimi sina, na ule weupe uliopita mbele ya mdomo unaweza kuwa na joto na uzito ambao mpingo haunikubalii. Kabla ya hapo nenda Lindi ukaiombe ile nzuri kwa watoto wa mjomba. Ipige kwa simu mbele na nyuma, kwani nyuma kuna mwandiko wa mjomba wa penseli. Uitazame kwa kujua kwamba dakika chache zilikuwa zimepita, na kwamba aliyekaza midomo vile alikuwa ameshaambiwa na mwanawe.

Ile ya kwangu tutaipiga pamoja, kivulini karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, ili ipatikane nakala hata mimi nisipokuwapo. Yenyewe usiiweke kwenye albamu ya plastiki yenye gundi. Picha za zamani zisizo na rangi hudumu kuliko za rangi kwa sababu taswira yake ni chembe za madini ya fedha zilizoshikwa na utando wa gelatini, lakini utando huo huvuta unyevu, na hewa hii ya bahari huuotesha ukungu wa kweli usiposimamiwa. Mimi naiweka katika bahasha ya karatasi, ndani ya kabati lililo mbali na ukuta wa upande wa bahari, na kila kiangazi naitoa nje ipate hewa. Pembe ya chini ina alama ya kidole changu cha gumba. Usijaribu kuifuta.

Mama yako anakusalimu, anasema umekonda katika picha uliyotuma. Ile ya bibi sitamkabidhi dereva wa basi wala mtu yeyote anayekuja huko; nitakuja nayo mwenyewe korosho zikishauzwa.

Baba yako