Kuhama kutoka Longido kuja upande wa kijani: anza na maji, nyasi baadaye

Mkuu, umeandika kwamba mko sita nyumbani, wewe na mama watoto na watoto wanne, wawili wapo shule ya msingi na mdogo ana miaka miwili. Mna ng'ombe 14 na mbuzi huko Longido, ukame umewachosha, na mnataka kuhamia "popote penye kijani" kati ya Tengeru na Machame kabla ya masika. Umeuliza uanzie wapi. Anzia kwenye maji ya kunywa. Wengi wanaotoka nyikani wakiona nyasi na migomba wanalipia kiwanja siku hiyo hiyo, halafu baada ya miaka michache meno ya mtoto yanaota yakiwa na rangi ya kahawia, na rangi hiyo haitoki kwa mswaki.

Kwanza hilo neno "popote". Mvua za huku zinaletwa na upepo wa Bahari ya Hindi, nao unagonga milima kwa upande wa kusini na kusini mashariki. Ndiyo maana kijani cha mwaka mzima kipo Tengeru, Akheri, Poli na Nkoaranga kwa upande wa Meru, na Machame, Kibosho, Uru, Kirua na Marangu kwa upande wa Kilimanjaro. Ukizunguka nyuma ya Meru, Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki, upo kwenye kivuli cha mvua kilekile kinachoiumiza Longido. Na ukishuka kutoka Machame hadi Boma Ng'ombe na uwanda wa KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), mwendo mfupi tu kwa gari, mvua inapungua sana. Aprili uwanda huo unapendeza kuliko picha, Septemba ni vumbi. Kwa hiyo eneo lolote unalolipenda lione mara mbili, Aprili kwa ajili ya tope na mwisho wa Septemba kwa ajili ya kiu. Kama nauli inatosha safari moja, nenda Septemba.

Sasa maji. Miamba ya volkano ya Meru inatoa floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, kwenye chemchemi na visima. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuzunguka Meru na uwanda wa Sanya vipo vyanzo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Chemchemi za kusini mwa Kilimanjaro kwa kawaida zina floridi kidogo, na hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuufikiria upande wa Moshi. Floridi haina rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea zaidi. Dawa ya klorini haiigusi, na chujio la kawaida la udongo vivyo hivyo.

Wanaoumia zaidi ni watoto chini ya miaka 8, kwa sababu meno ya utu uzima yanajengwa ndani ya fizi wakati huo. Jino likishaota likiwa safi, haliharibiki tena kwa namna hiyo. Mdogo wako wa miaka miwili ndiye wa kumlinda kuliko wote. Mifupa nayo, kwa mtu anayekunywa maji yenye floridi nyingi kwa miaka mingi, inakakamaa na kuuma.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Simama kwenye bomba la kijiji saa watoto wanapochota maji, zungumza nao, angalia meno ya mbele ya wale wa miaka 10 hadi 12 waliozaliwa hapohapo. Madoa meupe kama chokaa au mistari ya kahawia kwa watoto wengi ni jibu tosha. Ukiona meno safi, bado peleka sampuli maabara ya maji, Arusha au Moshi. Tumia chupa ya plastiki ya lita moja, siyo ya kioo. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale unayopima, jaza, funga, andika jina la chanzo na tarehe. Pima kile chanzo mtakachokunywa, maana kisima cha jirani mita 200 kutoka hapo kinaweza kutoa namba nyingine kabisa.

Ikizidi 1.5 na eneo bado unalitaka, maji ya mvua ndiyo mkombozi. Piga hesabu hivi: watu sita kwa lita 5 kila mmoja, za kunywa na kupikia tu, ni lita 30 kwa siku. Kutoka katikati ya Juni hadi mwisho wa Oktoba ni kama siku 140, sawa na lita 4,200. Tangi la plastiki la lita 5,000 linatosha, mradi hamfulii wala hamnyweshi ng'ombe humo. Bati la mita za mraba 50 kwa mvua ya milimita 10 linakupa takriban lita 400, kwa hiyo tangi linajaa mapema ndani ya masika. Mvua ya kwanza usiiingize. Lita 50 za mwanzo ni vumbi na kinyesi cha ndege, zimwage. Weka wavu kwenye mdomo wa gata na mfuniko usiopitisha mwanga, vinginevyo utafuga mbu na ukoga.

Chujio la mkaa wa mifupa, linalofanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, nalo linaondoa floridi. Tatizo lake ni kwamba mkaa unachoka na maji hayakuambii. Yanaendelea kutoka meupe yale yale. Wenye kulitumia vizuri wanapima maji yaliyochujwa mara kwa mara na kubadili mkaa. Na magadi kwenye maharage na makande, yaacheni kabisa kama watoto bado wadogo, kwa sababu nayo yana floridi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

Ng'ombe. Hapa nitakuwa mkweli: 14 hawana nafasi huku. Miteremko haina malisho ya wazi, kila kipande kina mwenyewe, na ng'ombe akiingia kwenye migomba ya mtu umeanza ujirani vibaya. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 anakula kama kilo 25 za majani mabichi kwa siku, hivyo kundi lako linataka kilo 350 kila siku, zikatwe na kubebwa na mtu. Ekari moja ya matete iliyotiwa samadi inatosheleza ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili. Shina la mgomba watakuambia ni chakula, lakini karibu lote ni maji. Linasaidia kiu, halijengi maziwa. Njoo na majike wawili au watatu wa bandani na mbuzi wachache, kundi liache kwa ndugu huko huko. Mwaka ukiharibika upande mmoja, mtakuwa na mguu upande wa pili.

Na hao wachache usiwapakie kabla ya chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, oltikana ya Kimaasai mnayoijua. Kupe wa masikio anapenda unyevu na majani marefu, na huku anashambulia mwaka mzima. Ng'ombe aliyekulia pakavu na hajazoea ugonjwa anaanguka ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya kufika: tezi chini ya sikio inavimba kama ngumi ya mtoto, homa inapita nyuzi 40, pumzi inakuwa nzito, povu puani. Chanjo inatolewa mara moja, pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini siku hiyo hiyo. Hiyo sindano ya pili siyo hiari, kwa sababu chanjo yenyewe ni vimelea hai. Inatunzwa kwenye baridi kali na ikishayeyushwa ni ya ng'ombe wengi kwa mkupuo, hivyo mwambie daktari wa mifugo akuunganishe na majirani wanaochanja ndama. Fanya hivyo mwezi mzima kabla ya safari. Aliyechanjwa tayari kwa kawaida ana hereni ya chanjo, angalia kwanza.

Chanjo hiyo haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa mkojo mwekundu, kwa hiyo kuogesha kila wiki kunabaki palepale. Kosa ninaloliona zaidi ni dawa kidogo: mtu anapuliza lita moja mgongoni, anaridhika. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 4 hadi 5 za mchanganyiko hadi manyoya yachuruzike, na zifike ndani ya sikio, chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele. Kunja sikio kwa vidole uangalie mikunjo ya ndani kabisa. Kupe mdogo wa hapo hana ukubwa wa punje ya ufuta, na ndiye anayekosewa.

Kuhusu ardhi, usinunue mwaka wa kwanza. Panga nyumba, kaa msimu mmoja, watu wakujue. Kihamba cha Uchagani, yaani shamba la nyumbani, ni mali ya ukoo, mmoja anaweza kukuuzia Jumatatu na ndugu zake wakakufukuza Ijumaa. Ukifikia kununua, kaeni na mke wake, wanawe wakubwa na wazee wa ukoo, wote watie saini. Kwenye ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, mauzo yanapitia Halmashauri ya Kijiji, hivyo muhuri wa balozi wa nyumba kumi peke yake hautoshi. Pima pia umbali kutoka mtoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na viwanja vinavyouzwa rahisi huku mara nyingi viko humo. Kama shamba linapata maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi wa umwagiliaji, uliza zamu ni siku gani na kazi ya kusafisha mfereji inagawanywaje. Ukikosa siku ya kusafisha, unakosa maji, na ni haki.

Wakati wa kuhama ni mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari. Shule zinafungua, barabara za mlimani bado kavu, na mnapata wiki sita za kuandaa shamba. Ukingoja Machi, Fuso haipandi, itazama kwenye udongo mwekundu na utalipa vijana wa kuisukuma. Uhamisho wa shule anza Novemba: pata nafasi kwanza kwa mwalimu mkuu wa shule mnayokwenda, ndipo shule ya zamani imwachie mtoto kwenye mfumo. Chukua namba yake ya PREM, yaani namba ya mwanafunzi kwenye mfumo huo, mkononi. Anayeingia darasa la mtihani asicheleweshwe, maana usajili wa watahiniwa ukishapita kumhamisha ni mzigo. Barua ya utambulisho ya mtendaji na kadi za kliniki za watoto zibebwe kwenye begi la mama, zisipakiwe na vyombo.

Chakula: migomba mtakayopanda itazaa baada ya mwaka au mwaka na nusu, mahindi ya masika yanavunwa Julai au Agosti. Watu sita wanakula kama debe nne za mahindi kwa mwezi, basi njooni na gunia tano. Lakini kuhifadhi huku siyo kama kwenu, ambako gunia linakaa sakafuni na halipati kitu. Huku unyevu unaleta ukungu na sumu yake, sumukuvu. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na pima ukavu kwa chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo chupa na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili, acha dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yaanike tena.

Baridi ya Juni hadi Agosti itawashangaza. Blanketi mbili kwa kila mtoto, soksi za kulalia, na sakafu isiwe ya udongo mtupu kama mnaweza. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata dakika tano kabla ya kulala, moshi wake usioonekana unaua familia nzima. Mtoto anayepumua haraka huku mbavu zikivutika ndani ni wa hospitali usiku huo huo. Na kama mtapanga chini, upande wa Kahe au Mabogini kwenye mpunga, vyandarua kwa kila kitanda tangu usiku wa kwanza.

Ng'ombe wasisafiri gari moja na vyombo. Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo, pakia alfajiri, mwaga mchanga na nyasi sakafuni wasiteleze. Pakia pia nyasi kavu za nyumbani za wiki mbili. Ukiwamwagia matete laini yenye umande siku ya kwanza, matumbo yanaweza kujaa gesi na jike akafa kabla ya jioni. Siku tatu za mwanzo wape nyasi zao na majani mabichi kiganja tu, kisha robo, kisha nusu, na majani yote yakatwe jana yake yanyauke. Ikifika siku ya 15 wanaweza kula ya huku peke yake.