Maswali ya Wasomaji: Mwanga katika Picha ya Rangi za Mafuta

SWALI: Mhariri, katika ukumbi mmoja hapa Dodoma nimeona picha ya rangi za mafuta inayomwonyesha bibi wa Kigogo akipepeta uwele. Wenzangu walisema "kama foto tu," wakapita. Mimi nilitamani kubaki. Je, nitazame nini?

JIBU: Ndugu msomaji, ulitamani jambo jema. Rudi, usimame hatua tano nyuma, na ujiulize jua linatoka upande gani, kwa kuwa kivuli cha pua, mikunjo ya kitenge na ukingo wa ungo havina budi kukubaliana. Kisha sogea hadi sura ya bibi igeuke kuwa rangi tupu. Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Mafuta ya mbegu za kitani yanayochanganywa na rangi hukauka polepole, kwa hiyo mchoraji hupata nafasi ya kulilainisha shavu mpaka mwanga uingie kivulini bila mstari. Wachoraji wengi wa zamani waliacha vivuli vikiwa vyembamba, wakaurundika mwanga kwa rangi nzito. Vermeer, Mholanzi wa karne ya 17, katika picha yake ya mwanamke anayemimina maziwa, aliupamba mkate kwa vidoti vidogo vya rangi, hata ganda lake likaonekana kuwa na chembechembe.

Mwisho, simama ubavuni mwa picha. Kama uwele ule umewekwa kwa rangi nene, utaona kila punje ikitupa kivuli chake halisi juu ya turubai.